Kuvuta picha penye mwanga hafifu: njia nne za kumkaribia unayemrekodi

Kamera ya video iliyofanya kazi vizuri mchana kutwa hubadilika tabia usiku mara tu unapoanza kuvuta, yaani kukaribisha picha kwa zumu. Ukirekodi ukumbi mzima, picha inakubalika. Ukimvuta msemaji aliye jukwaani, uso wake unaingia giza, au hauingii giza ila unajaa chenga, vile vidoti vinavyochezacheza kwenye picha. Wengi huamua papo hapo kwamba kamera ni mbovu na kuanza kutafuta nyingine. Mara nyingi kamera haina kosa. Lenzi ndiyo iliyopunguza mwanga, tena ilikuwa imeandikwa mwilini mwake tangu inatoka kiwandani kwamba itafanya hivyo.

Mtu akitaka kumkaribia anayemrekodi ana njia nne: lenzi ya kuvuta ambayo tundu lake (uwazi unaopitisha mwanga) hubana kadiri unavyovuta, lenzi ya kuvuta ambayo namba yake ya f (kipimo cha tundu hilo) haibadiliki, zumu ya kidijitali (pamoja na kukata picha wakati wa kuhariri), na kusogea kwa miguu ukiwa na lenzi isiyovuta. Zote hufanya kazi, na zote hutoza kitu. Zinachotoza ndicho kinachotofautiana.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo yale yale. Kwanza, mwanga: kihisi, yaani sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga, kinapoteza kiasi gani ukishavuta? Pili, chenga, kwa sababu picha inaweza kubaki na mwangaza ule ule huku ubora wake ukiporomoka. Tatu, mtikisiko na fokasi, maana kuvuta hukuza kila kosa la mkono. Nne, kazi yenyewe: uzito, uhuru wa kusogea, na kama unaweza kuvuta katikati ya tukio bila mtazamaji kushtuka. Mwisho nimetaja kila njia inamfaa nani.

Sikuweka ukali wa picha kama kigezo cha peke yake. Usiku, kinachoua ukali ni chenga na mtikisiko kabla vioo vya lenzi havijapata nafasi ya kulaumiwa.

Mwanga huenda wapi

Namba ya f ni urefu wa lenzi (zile milimita zinazoonyesha inavuta kiasi gani, si urefu wa umbo lake) ukigawanywa kwa upana wa tundu kama linavyoonekana ukiitazama lenzi kwa mbele. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 ni f/2. Irefushe hadi milimita 100 bila kupanua tundu, namba inakuwa f/4 na kihisi kinapata robo tu ya mwanga wa awali. Ni kama kuchungulia nje kupitia bomba: mdomo ni ule ule, lakini bomba likirefuka, mwanga unaokufikia jichoni unapungua.

Kwa hiyo soma namba hivi. Kutoka f/2.8 hadi f/4 mwanga umebaki nusu, hadi f/5.6, robo, hadi f/8, sehemu moja ya nane. Kila unapopoteza nusu, umepoteza stopu moja. Kamera ikitaka kufidia stopu moja itaongeza ISO maradufu, au geini kwa desibeli 6; zote mbili ni njia za kamera kukuza mawimbi ya kihisi ili picha ing'ae. Stopu mbili ni desibeli 12, na stopu tatu ni desibeli 18, kiwango ambacho kamera nyingi ndogo huanza kuonyesha chenga waziwazi kwenye vivuli.

Hapa ndipo otomatiki inapowachanganya watu. Kamera ikijiendesha yenyewe, huoni giza likiingia unapovuta, kwa sababu geini inapanda kimyakimya kulifukuza. Unachokiona ni chenga tu, ukadhani kihisi ndicho dhaifu.

Jaribio la ukuta

Kabla ya kuchagua chochote, jua kwanza kamera uliyonayo inafanya nini. Tafuta ukuta wa rangi moja uliomulikwa sawasawa. Weka kamera kwenye tripodi, zima otomatiki, fungua tundu hadi mwisho, kisha shikilia shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) na ISO kwenye namba moja zisibadilike. Hakikisha ISO ya otomatiki nayo imezimwa. Ikibaki hai itaficha kila kitu. Kisha rekodi huku ukivuta polepole kutoka picha pana hadi mwisho.

Ukuta ukizidi kuwa mweusi, tundu la lenzi yako hubana. Ukibaki vile vile, lenzi haina shida, na mabadiliko uliyokuwa ukiyaona ukumbini yalitokana na upimaji wa mwanga. Hilo la pili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kamera inapotazama ukumbi mzima wenye giza, inang'arisha picha yote na uso wa msemaji aliyemulikwa unaungua ukawa mweupe. Ukimvuta yeye peke yake, kamera inaona uso mng'avu na kushusha mwanga. Fremu imebadilika, vipimo vikabadilika, wala hakuna mwanga uliopotea. Dawa yake ni kufunga vipimo vya mwanga ukiwa umemvuta msemaji, ndipo urudi kwenye picha pana. Hakuna haja ya kununua kitu.

Njia ya kwanza: lenzi ambayo tundu hubana ukivuta

Hii ndiyo lenzi inayokuja na kamera nyingi. Utaitambua kwa namba mbili za f zilizoandikwa mwilini, kwa mfano 18–55mm f/3.5–5.6. Kamkoda nyingi nazo ziko kundi hili, hata kama namba zimeandikwa kwa herufi ndogo zisizovutia jicho.

Mwanga. Kwa mfano huo, ukiwa milimita 55 unapata takriban asilimia 39 ya mwanga uliokuwa nao milimita 18, hasara ya zaidi kidogo ya stopu moja na theluthi. Lenzi za mvuto mrefu zinazoanzia f/2.8 na kuishia f/5.6 hupoteza stopu mbili kamili. Anguko hilo pia halitandazwi sawa katika safari nzima. Lenzi nyingine huporomoka mapema kisha zikatulia, kwa hiyo inafaa kutazama namba kwenye skrini ujue inabadilika wapi. Unaweza kukuta kwamba ukiishia kidogo kabla ya mwisho, unabakiza mwanga mwingi na msemaji bado anajaa kwenye fremu.

Chenga. Zinafuata mwanga: kila kilichopotea kinafidiwa kwa geini.

Mtikisiko na fokasi. Tundu likiwa limebana, eneo lililo kwenye fokasi linakuwa na kina zaidi, jambo linalomsaidia anayerekodi peke yake. Mtikisiko unabaki pale pale: ukiongeza mvuto mara tatu, na kutetemeka kwa mkono kunakuzwa mara tatu.

Kazi yenyewe. Ni nyepesi, ndogo, na kwenye kamkoda inavuta kwa ulaini. Kwenye lenzi zilizotengenezwa kwanza kwa ajili ya picha za mnato, tundu linaweza kubadilika kwa vishindo vidogo, na mtazamaji akaona mwanga ukirukaruka wakati unavuta. Kuna hila inayostahili kujulikana na kila mwenye lenzi ya namna hii. Vuta hadi umbali wa mwisho utakaouhitaji, soma namba ya f iliyopo pale, tuseme f/5.6, kisha iweke kwa mkono na usiiguse tena. Kwenye kamera nyingi namba hiyo itashikwa hata ukirudi kwenye picha pana, na mwanga hautabadilika ukivuta. Unaitoa sadaka nafuu uliyokuwa nayo kwenye picha pana, lakini rekodi nzima inakuwa na sura moja, na chenga za kiwango kimoja humsumbua mtazamaji kidogo kuliko chenga zinazokuja na kuondoka.

Inamfaa nani. Anayerekodi matukio mengi ya mchana na machache ya usiku, anayebeba kila kitu mwenyewe, na yeyote ambaye kumbi zake zina taa za jukwaa za kutosha. Wengi wangekaa hapa bila kujuta kama wangejua hila hiyo.

Njia ya pili: lenzi ya kuvuta yenye namba moja ya f

Mwilini imeandikwa namba moja tu: 24–70mm f/2.8, 70–200mm f/2.8, 24–105mm f/4. Unavuta, na mwanga unabaki.

Mwanga. Hasara ni sifuri au karibu na sifuri, kwa sababu tundu linapanuka pamoja na urefu. Ukiiweka 70–200mm f/2.8 kwenye milimita 200, tundu lake kwa mbele ni kama milimita 71. Hapo unaelewa kwa nini lenzi hizo ni nene kama zilivyo. Ila uwe mwangalifu na viongeza urefu vinavyofungwa kati ya lenzi na kamera. Kiongeza cha mara 1.4 kinakula stopu moja, cha mara 2 kinakula stopu mbili, na f/2.8 uliyoigharamia inageuka f/5.6 kama ya jirani.

Chenga. Sawa kwenye picha pana na ukiwa umevuta. Ukipanga ISO mwanzoni mwa tukio, unaweza kuisahau. Lakini usiichukulie namba moja kuwa ni dhamana ya mwanga mwingi. Lenzi ya f/4 isiyobadilika iko nyuma kwa stopu moja nzima ukiilinganisha na inayoanzia f/2.8, zote zikiwa kwenye picha pana. Kinachoahidiwa ni uthabiti.

Mtikisiko na fokasi. Milimita 200 kwa f/2.8 hubakiza ukanda mwembamba wa fokasi. Msemaji akiegemea mbele kwenye maikrofoni, macho yanaweza kutoka nje ya ukanda. Tripodi hapa si hiari. Chunguza pia kama lenzi yako inashika fokasi unapovuta. Za kamera za utangazaji zimejengwa kwa ajili hiyo. Nyingi za picha za mnato hazikujengwa hivyo na zinahitaji kurekebishwa kila unapobadilisha mvuto.

Kazi yenyewe. Nzito, ghali, na inavuta macho ya watu. Lenzi ya kilo moja na zaidi mkononi kwa saa tatu ni adhabu.

Inamfaa nani. Anayelipwa kurekodi matukio ya ndani, asiyeruhusiwa kusogea, na anayelazimika kuvuta hewani huku mtazamaji akitazama.

Njia ya tatu: zumu ya kidijitali, au kukata wakati wa kuhariri

Hii imezungukwa na uvumi wa pande zote mbili. Wapo wanaosema haifai kabisa. Wapo wanaosema ni bure kwa sababu picha haiingii giza. Wote wanakosea, na wa pili wanakosea kwa namna inayogharimu zaidi.

Mwanga. Ni kweli, picha haibadiliki mwangaza hata kidogo. Lenzi haijasogea, tundu liko vile vile, namba ya f ni ile ile. Kama lenzi iko f/1.8, unabaki f/1.8 hata ukikuza mara nne.

Chenga. Malipo yako hapa. Ukikuza mara 2, unatumia robo tu ya eneo la kihisi, kwa hiyo picha inayobaki imejengwa na robo ya mwanga wote uliokusanywa. Kwa upande wa chenga, hilo ni sawa na kupoteza stopu mbili. Mfano wa 4K unaonyesha vizuri. Picha ya pikseli 3840 kwa 2160 ikipunguzwa hadi 1920 kwa 1080, kila pikseli nne zinaunganishwa kuwa moja na chenga zinapungua kwa nusu. Ukikata kipande cha 1920 kwa 1080 kutoka katikati, idadi ya pikseli inatosha kabisa, ila ule msaada wa kuunganisha umeutupa. Ndiyo maana video uliyoikata inaonekana kali mchana na chafu usiku. Ukilinganisha na lenzi ya kweli: ikiwa kuongeza urefu mara mbili kunakugharimu chini ya stopu mbili za tundu, na kwa kawaida ndivyo ilivyo, kuvuta kwa lenzi kunakupa picha safi zaidi, hata kama kwenye skrini inaonekana imepungua mwanga kabla hujaongeza ISO.

Mtikisiko na fokasi. Mtikisiko unakuzwa kama kawaida. Hata kosa la fokasi linakuzwa: kilichoonekana kiko sawa kwenye picha pana kinaonyesha ukungu ukikikata.

Kazi yenyewe. Hapa inang'aa. Hakuna uzito wa ziada. Ukikata wakati wa kuhariri, unaamua kwa utulivu wapi pa kukaribia, na kamera moja iliyotulia inaweza kukupa picha pana na ya karibu za tukio lile lile. Ukilazimika, pendelea kukata baadaye kuliko zumu ya kidijitali ya ndani ya kamera, kwa sababu ukikosea kwenye kamera huwezi kurudi.

Simu zinastahili neno la pembeni. Simu yenye kamera kadhaa nyuma ikiwa penye mwanga hafifu inaweza kuiacha kamera ya kuvuta, ambayo mara nyingi ina kihisi kidogo na tundu jembamba zaidi, ikatumia kamera kuu na kukata picha, ingawa kwenye skrini imeandikwa unavuta. Ziba kamera ya kuvuta kwa kidole. Kama picha haibadiliki, umejua. Simu haijafanya vibaya, imechagua penye mwanga. Lakini usihesabu ubora wa kamera ambayo haitumiki.

Inamfaa nani. Mwenye kamera ya 4K anayetoa kazi ya 1080, anayerekodi peke yake, na anayehitaji kukaribia kidogo. Mara 1.5 huvumilika, mara 2 usiku ni mpaka, zaidi ya hapo ni kwa ajili ya ushahidi na si uzuri.

Njia ya nne: lenzi isiyovuta, na miguu

Mwanga. Hakuna njia inayokaribia hii. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga zaidi ya mara 9 ya lenzi iliyobana hadi f/5.6, yaani stopu tatu na kidogo. Ni tofauti ya ISO 800 na zaidi ya ISO 6400. Jambo moja la kurekebisha: kusogea kwenyewe hakuongezi mwanga. Uso uliomulikwa na taa ya jukwaa una mng'ao ule ule kwenye kihisi, uwe mita 3 au mita 10. Faida yote inatoka kwenye upana wa tundu. Ni pale tu taa inapokuwa juu ya kamera yako ndipo hatua zinahesabika, na hapo zinahesabika sana: ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaomfikia unakuwa mara nne.

Chenga. Chache kuliko njia nyingine zote kwa kamera ile ile.

Mtikisiko na fokasi. Lenzi fupi husamehe mkono. Fokasi haisamehi: f/1.8 karibu na mtu ina ukanda mwembamba, na mtu anayetembea atakusumbua. Pia usimsogelee mtu mno na lenzi pana, pua itakua kuliko alivyozaliwa nayo.

Kazi yenyewe. Huwezi kuvuta katikati ya picha. Unaziba watu, unasikika unatembea, na mahali pengine hutaruhusiwa kabisa. Kwa upande mwingine, unalazimika kupanga picha kabla ya kubonyeza, na hilo, kwa maoni yangu, huboresha kazi za wengi kuliko lenzi yoyote.

Inamfaa nani. Mahojiano, filamu fupi, muziki wa watu wachache, familia nyumbani jioni.

Chagua kwa hali yako

Uko nyuma ya ukumbi, huruhusiwi kusogea, na lazima uvute wakati tukio linaendelea: lenzi ya f/2.8 isiyobadilika kama unaimudu, au hata ya kuazima kwa siku hiyo. Usipoimudu, tumia njia ya kwanza, namba ya f ikiwa imeshikwa kwa mkono kama ilivyoelezwa.

Huna bajeti ya kitu kipya na picha zako za usiku zina chenga: fanya jaribio la ukuta, sogeza tripodi mbele safu chache, kisha utumie upande mpana wa lenzi uliyonayo. Hapo umepata nusu ya faida ya njia ya nne bila kununua kitu.

Kama anayerekodiwa hatembei sana, kwa mfano msomaji aliyesimama kwenye mimbari, unaweza pia kushusha shata kutoka 1/50 hadi 1/25 ukirekodi fremu 25 kwa sekunde. Unapata stopu moja ya bure. Mikono ikirushwa itaacha mkia. Ila angalia taa: penye umeme wa hezi 50, shata ya 1/25, 1/50 au 1/100 haileti mtetemo wa mwanga, penye hezi 60, tumia 1/60 au 1/120.

Unarekodi peke yako na kamera moja, kazi itatoka kwa 1080: rekodi 4K kwenye tripodi, ukivuta kwa lenzi hadi fremu iwe karibu na unayoitaka, na ubakize kukata kidogo wakati wa kuhariri. Kugawana mzigo kati ya lenzi na kukata hutoa matokeo bora kuliko kuutupa wote upande mmoja.

Unarekodi wanyama usiku au kitu kisichokaribika: mvuto mrefu hauepukiki, na chenga nazo haziepukiki. Chagua lenzi yenye tundu pana kuliko zote utakazopata, kwa upana wake wa milimita na si kwa namba ya f peke yake, hata kama ni fupi kidogo, kisha ukate.

Na kama unaweza kuongeza taa moja ndogo mahali pa tukio, anza na hiyo kabla ya kulinganisha lenzi. Ukiongeza mwanga unaomfikia mtu mara nne, lenzi ya f/5.6 inakupa mwangaza ambao bila taa hiyo ungehitaji f/2.8.